Kitanda, Choo na Mswala: Njia ya Mzee Nyumbani



Wasomaji wapenzi, familia nyingi za Mwambao leo zina wana walio bara. Biashara na kazi zimewafikisha Kitale na Bungoma, na baba au mama anapoelemewa na umri huchukuliwa kwenda kukaa nao. Safari hiyo si ngeni. Misafara ya Pwani ilipita pande hizo tangu karne ya 19, na Mumias, isiyo mbali na Bungoma, ilikuwa kituo chake mashuhuri. Lililo geni kwa mzee ni nyumba yenyewe. Aliyezoea baraza na hewa ya bahari hujikuta Kitale, takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi ya usiku huweza kufikia nyuzi 12 za Selsiasi. Bungoma iko chini zaidi, kiasi cha mita 1,400, lakini mvua zake ni nyingi na tope hufika mlangoni.

Katika Suratul Israa, aya ya 23 na ya 24, Mwenyezi Mungu ameambatanisha kuabudiwa Kwake na wema kwa wazazi, akakataza hata neno dogo la kuonyesha kuchoshwa nao. Wengi wetu hulizuia neno hilo mdomoni, kisha nyumba ikamwambia mzee lile lile kila siku: choo ki mbali, kitanda ki chini mno, na swichi ya taa iko upande wa pili wa chumba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, katika Ibara ya 57, imempa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake pamoja na Serikali.

Tupangapo nyumba huanza na sebule, maana ndiko wafikiako wageni. Kwa ajili ya mzee, anza na njia aipitayo alfajiri: kutoka kitandani hadi chooni, kutoka chooni hadi mahali pa kutawadhia, na kutoka hapo hadi mswalani. Ipite wewe mwenyewe usiku, polepole, ukikihesabu kila kizingiti, kila ukingo wa busati uliojikunja na kila waya uliolala sakafuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio hatarini zaidi ni waliopita miaka 60.

Kitanda kiwe na kimo ambacho mzee akikaa ukingoni nyayo zote mbili zinakanyaga sakafu, magoti yakiwa yamekunjika vizuri. Kwa wengi ni kama sentimita 45 kutoka chini. Kilicho chini zaidi, fundi seremala atakiongezea miguu kwa gharama ndogo. Tochi au taa ya jua iwe pale mkono unapofika, kwani umeme hukatika bila kuaga.

Sakafu za simenti zilizopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa hupendeza macho, lakini huteleza. Kwa ajili ya baridi ya Kitale mzee huvaa soksi, na soksi juu ya sakafu hiyo ni mtego. Mnunulie viatu vya ndani vyenye nyayo za mpira, vinavyoshika kisigino, malapa hayamfai. Mlangoni weka zulia la kufutia tope lisilosogea.

Chooni ndipo staha ya mzee ilipo. Choo cha kuchuchumaa humtaabisha mwenye magoti mabovu. Seremala anaweza kumtengenezea kiti imara chenye tundu, kikawekwa juu yake. Kandoni, fundi wa kuchomelea vyuma akaze bomba ukutani, si kwenye bati wala ubao uliolegea. Bomba hilo moja humwepusha baba na kuinuliwa na mkaza mwana wake, naye mkaza mwana huepukana na fedheha hiyo. Wazee wengi huficha hofu hii: huacha kunywa maji jioni ili wasiamke usiku, kisha kizunguzungu cha kukosa maji ndicho kinachowaangusha. Ukimwona mavyaa wako amepunguza kunywa, kakague choo kabla ya kumlaumu.

Mahali pa kutawadhia pawe na kiti kisichoyumba na maji ya uvuguvugu yaliyotiwa katika chupa ya chai tangu usiku, tayari yamechanganywa, ili asihangaike na birika la moto gizani. Na mswalani wekeni kiti. Hadithi ya Imran bin Husayn, aliyeugua bawasiri, yatufundisha kwamba asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu. Asione haya kwa rukhsa aliyopewa na dini yake.

Limebaki la joto, nalo ndilo la hatari kuu. Katika nyumba za mabati, baridi ya usiku huwashawishi watu kuliingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Moshi ukishakwisha, hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, huendelea kutoka. Haina rangi wala harufu, na aliyelala huenda asiamke tena. Jiko lisilale chumbani hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Mpeni mzee mablanketi, kofia, na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, na mzibe nyufa za mlango wake.

Kabla ya kumwita fundi, mwiteni mzee. Muulizeni ni wapi anaposhika ukuta, na ni wapi anapoogopa kupita usiku. Alama za vidole ukutani zitaonyesha asichokisema. Kina mama, kazi hii msiiache mabegani mwa binti mmoja. Wana wa kiume nao wachangie fedha na mikono. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazee wetu, awarehemu waliotangulia, na atujaalie uzee wenye staha. Amin.