Utafiti wa Jeni za Alzheimer Uanzie Nyumbani kwa Mzee

Katika kijiji kama Kidahwe, ambapo barabara itokayo Kigoma mjini hugawanyika kwenda Kasulu na Uvinza, ugonjwa wa Alzheimer hauingii kwa jina lake. Huanza pale bibi aliyekamua mawese tangu usichana wake anaposahau sufuria motoni, kisha siku moja akapotea katika njia ya shamba lake mwenyewe. Ndugu husema ni uzee. Jirani hunong'ona kuwa ni uchawi, na katika nchi ambayo wanawake wazee wamewahi kuuawa kwa tuhuma hizo, mnong'ono huo si jambo dogo. Ni nadra kumpata atakayetamka kwamba ubongo wa bibi unaugua.

Kwa wanasayansi, ugonjwa huu si mgeni. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kuwa aina moja ya jeni ya APOE, iitwayo APOE4, huongeza uwezekano wa kuugua uzeeni. Tangu hapo utafiti umekuwa wa ubia, kwa kuwa jeni nyingine nyingi zina athari ndogondogo zisizoonekana mpaka makumi ya maelfu ya watu wachunguzwe kwa pamoja. Mradi mmoja wa kimataifa, uliotoa matokeo mwaka 2013, uliunganisha taarifa za watu 74,046. Wote walikuwa wenye asili ya Ulaya.

Hapo ndipo penye pengo. Watafiti wa Ibadan, Nigeria, na wenzao wa Indianapolis, Marekani, waliwalinganisha wazee Wayoruba na Wamarekani Weusi. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kuwa Wayoruba walipatwa na Alzheimer kwa kiwango kisichofikia nusu ya kile cha wenzao. Na kwa Wayoruba hao APOE4 haikuonekana kuwa na nguvu ileile. Katika miaka ya 1990, watafiti waliowachunguza wazee wa Afrika Mashariki nao waliikuta APOE4 kwa wingi hata kwa wasiokuwa na demensia. Kwa hiyo kipimo cha hatari kilichotungwa kwa damu ya Ulaya chaweza kumtia hofu bure mzee wa Kigoma, au kumpa matumaini yasiyo na msingi. Na ikiwa kuna jambo katika urithi au maisha ya Waafrika linalopunguza makali ya jeni hiyo, ulimwengu mzima unalihitaji.

Ndiyo maana inafaa kuupongeza ubia wa sasa, ambamo watafiti wa demensia wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, wanashirikiana na vyuo vikuu vya Marekani kukusanya sampuli za jeni. Hata hivyo, ubia hupimwa kwa kinachobaki baada ya sampuli kuondoka.

Mkoa wa Kigoma unao mfano wake. Utafiti wa sokwe wa Gombe ulioanza mwaka 1960 haukujengwa na wageni peke yao. Baada ya wanafunzi kutekwa mwaka 1975 na watafiti wa kigeni kupungua, wasaidizi wa Kitanzania ndio walioendelea kuandika kumbukumbu za kila siku. Sayansi ile ilidumu kwa sababu ujuzi ulibaki mikononi mwa wenyeji. Utafiti unaohusu binadamu unadai zaidi ya hapo.

Kwanza, unadai utambuzi. Jeni haisemi kitu ikiwa haijulikani nani mgonjwa na nani mzima. Utafiti wa vijijini katika Wilaya ya Hai, uliochapishwa mwaka 2013, ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia. Kutokana na kazi ya Hai kilitengenezwa kipimo kiitwacho IDEA, kinachomfaa hata asiyesoma: mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, hueleza daraja ni nini, hupanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Mhudumu wa afya aliyefundishwa anaweza kukitumia zahanati, na katika vijiji vya Kigoma inafaa akitumie kwa Kiha, lugha ambayo wazee wengi huota nayo.

Pili, unadai ridhaa ya kweli. Idhini ya maadili ya utafiti na makubaliano ya kusafirisha sampuli ni lazima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatoa kinga. Lakini kidole gumba kwenye fomu hakitoshi. Mgonjwa na mlezi wake waelezwe damu inakwenda wapi, itakaa muda gani, nani ataitumia, na kwamba wanaweza kukataa bila kunyimwa matibabu.

Tatu, unadai marejesho: Watanzania wafundishwe kuchambua takwimu hizo, na matokeo yasomwe kijijini kabla hayajasahaulika.

Wapo watakaosema kuwa mkoa wenye malaria na vifo vya uzazi hauna nafasi ya kuzungumzia jeni. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba mzee anayepimwa kumbukumbu hupimwa pia shinikizo la damu, sukari na usikivu, mambo ambayo yakishughulikiwa mapema hupunguza hatari ya demensia. Kwa familia, ujumbe ni mwepesi zaidi: kuwa na APOE4 si hukumu, kwani wengi walio nayo hawaugui, na wengi wasio nayo huugua.

Bibi wa Kidahwe huenda asiione dawa itakayotokana na damu yake. Anachoweza kuona leo ni mjukuu anayemshika mkono njiani badala ya kumwogopa. Ubia usioanzia hapo bado unamdai.