Usitupe Nduma kwa Sababu ya Kitambi

Jirani yangu mmoja katika skimu yetu alisikia habari za mlo uitwao paleo. Aliambiwa ya kwamba yafaa mtu ale kama walivyokula watu wa zamani sana, kabla ya jembe kujulikana: nyama, samaki, mayai, mboga za majani na matunda, wala asiguse nafaka, maharagwe, maziwa wala sukari. Maneno haya yalimpendeza, kwani kitambi chake kilikuwa kimekua hata kufunga kamba za viatu ikawa taabu. Lakini hakutosheka na hayo, akazidisha. Alisema kila chakula chenye wanga ni adui. Akakataza viazi vitamu, nduma na ndizi za kupika, vitu ambavyo vilikuwa vikiota shambani mwake mwenyewe, akawa ananunua nyama kila siku kwa mkopo.

Wiki mbili za kwanza alipungua kilo 4, akatutangazia sote pale mahali pa kupimia maziwa. Wiki ya tano alishikwa na kizunguzungu alfajiri akikamua ng'ombe, na ndoo ikamwagika. Mwezi wa tatu pesa za maziwa zilikwenda karibu zote kwa mwuza nyama, na mkewe akawa anapika sufuria mbili kila jioni, moja ya bwana na moja ya watoto. Mwezi wa nne mambo yalimshinda. Alirudia ugali, chapati na soda kwa pupa, akarudisha zile kilo 4 na nyingine juu yake.

Simcheki jirani yangu. Nia yake ilikuwa njema, na shida aliyotaka kuiondoa ni shida ya kweli. Baba zetu walipopewa mashamba haya ya skimu katika miaka ya 1960, walilima kwa mikono, wakaenda sokoni kwa miguu, na sukari ilikuwa kitu cha kupimiwa kidogo kidogo. Leo tunalimiwa na trekta, tunapanda pikipiki hata kwenda kwa jirani, na chupa ya chai haikauki. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2014 ulionyesha ya kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 33 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Ugonjwa wa sukari na wa damu kupanda si magonjwa ya matajiri wa Nairobi peke yao.

Basi maoni yangu ni haya: mlo wa watu wa kale una mambo mema ambayo mkulima aweza kuyatumia, lakini kufukuza wanga wote mezani si lazima, tena ni hasara kwa mwili na kwa mfuko.

Kwanza tuzitazame zile kilo 4 za mwanzo, maana ndizo huwadanganya wengi. Mwili huweka akiba ya wanga ndani ya ini na katika misuli. Akiba hiyo kwa mtu mzima hufika kiasi cha nusu kilo, na kila gramu yake hushikana na gramu 3 hivi za maji. Mtu akiacha wanga ghafula, mwili huitumia akiba ile kwanza, na maji yake hutoka katika mkojo. Mizani hushuka upesi, na mtu hufurahi. Walakini mafuta ya tumboni bado yako pale pale. Siku atakapokula viazi, maji hurudi, naye hudhani viazi vimemnenepesha kwa usiku mmoja. Hata kile kizunguzungu si ajabu, kwa kuwa maji yakitoka na chumvi hutoka pamoja nayo.

Tena, je, ni kweli watu wa kale hawakula wanga? Hapa wenye kuhubiri mlo huo kwa ukali wamepotea njia. Katika pango liitwalo Border Cave, huko Afrika Kusini karibu na mpaka wa Eswatini, wachimbaji walikuta mabaki ya mizizi iliyochomwa motoni. Habari zake zilitangazwa mwaka 2020, na umri wake ulikisiwa kuwa miaka 170,000. Maana yake ni kwamba mababu wa wanadamu walichimba mizizi, wakaibeba mpaka nyumbani, wakaichoma, kama vile mtoto wako achomavyo kiazi kitamu katika majivu ya jiko.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Jirani zetu Wahadza, wakaao karibu na Ziwa Eyasi huko Tanzania, bado wapo miongoni mwao wanaoishi kwa kuwinda na kuokota. Hula nyama wanapoipata. Lakini pia huchimba mizizi, hula ubuyu na matunda madogo ya porini, tena hupenda asali kupita kiasi. Asali ni nini kama si sukari? Na hao si watu wenye vitambi. Wataalamu walipima nguvu wanazotumia kwa siku, wakatoa habari mwaka 2012, nao walistaajabu: ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, Wahadza hawatumii nguvu nyingi kuwapita watu wa Marekani wakaao ofisini, ingawa hutembea mbali kila siku. Kwa hiyo tofauti kubwa haiko miguuni tu. Iko katika chakula: hakuna mandazi kule, hakuna soda, wala mafuta ya kukaangia.

Kuna habari nyingine ya kisiwa cha Kitava, katika nchi ya Papua New Guinea. Daktari mmoja wa Sweden, Staffan Lindeberg, aliwachunguza watu wa huko kuanzia mwaka 1989. Chakula chao kilikuwa viazi vikuu, viazi vitamu, nduma, matunda, nazi na samaki. Sehemu 70 hivi katika 100 za nguvu zao zilitoka katika wanga, na hakukuta kwao unene ule tunaouona sisi. Kumbuka ya kwamba daktari huyo alikuwa mwenyewe mtetezi wa mlo wa watu wa kale, wala hakuona sababu ya kuwanyima watu nduma.

Sasa, wema wa mlo huu uko wapi? Uko katika kuondoa vitu ambavyo havina kazi ila kulimbikiza nguvu. Tufanye hesabu ya chai peke yake. Mtu anywaye vikombe 5 kwa siku, na kila kikombe vijiko 3 vya sukari, hula vijiko 15. Kijiko kimoja kikikatwa sawa kina gramu 4. Hiyo ni gramu 60 kwa siku, na kwa mwezi ni karibu kilo 2, za mtu mmoja! Katika nyumba ya watu sita, mama mwenye nyumba aijua hesabu hiyo kuliko mimi. Na mafuta ya kupikia ni hivyo hivyo. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, hali gramu moja ya wanga ina 4 tu. Viazi ulaya vilivyochemshwa vina kalori 85 hivi katika gramu 100. Vikikatwa na kukaangwa katika mafuta mengi hufika 300. Kiazi ni kile kile kilichotoka shambani mwako. Kilichobadilika ni sufuria.

Ajabu nyingine ni hii. Mwaka 1995 watu wa Chuo Kikuu cha Sydney huko Australia walipima vyakula 38 ili wajue ni kipi kinachoshibisha zaidi kwa nguvu zilizo sawa. Cha kwanza kilikuwa viazi vilivyochemshwa, vilivyoshibisha zaidi ya mara tatu kuliko mkate mweupe. Mkulima wa Kinangop anayeuza viazi vyake apate pesa za kununua mkate huenda akafikiri kidogo hapo.

Juu ya maharagwe na maziwa sikubaliani na watu wa paleo hata kidogo. Husema maharagwe yana sumu. Ni kweli kwamba maharagwe mekundu yasiyoiva yaweza kumdhuru mtu, ndiyo maana huloweshwa, maji yakamwagwa, kisha yakachemshwa kwa moto mkali mpaka yaive. Mama zetu walilijua jambo hilo bila kusoma kitabu. Husema tena maziwa si chakula cha mtu mzima. Lakini wenye elimu ya damu na vizazi walionyesha mwaka 2007 ya kwamba wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wana asili ya miili iliyojifunza kuyeyusha maziwa katika miaka elfu 7 hivi iliyopita. Mwili haukusimama pale pale ulipokuwa wakati wa mashoka ya mawe ya Olorgesailie. Ikiwa maziwa hayakuumizi tumbo, kunywa bila sukari, ushukuru ng'ombe wako.

Mtu atauliza: basi nile wanga kiasi gani? Wataalamu wa Marekani huweka gramu 130 kwa siku kuwa kiasi kinachotosha ubongo wa mtu mzima, na mimi naona hicho ni kipimo chema kwa mtu atakaye kupungua bila kuteseka. Kwa lugha ya jikoni, viazi ulaya vilivyochemshwa vitatu vya ukubwa wa ngumi, ndizi mbivu moja na bilauri moja ya maziwa hufika karibu hapo. Viazi vitamu navyo ni karibu sawa na viazi ulaya, lakini nduma ni nzito zaidi, kwa hiyo zipunguze kidogo. Jaza nusu ya sahani kwa mboga, iwe sukuma wiki, managu, terere au kunde, zisiogelee katika mafuta. Kisha weka chakula cha kujenga mwili: mayai mawili, au omena, au maharagwe, au kipande cha kuku. Ugali waweza kuliwa, lakini uwe wa ukubwa wa ngumi, si ule mlima unaoficha mboga. Afadhali uwe wa wimbi au wa mahindi yasiyokobolewa.

Wako watakaosema kwamba kuacha wanga kabisa kunapunguza mwili zaidi. Jambo hili limejaribiwa. Katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani watu wazima 609 waligawanywa makundi mawili kwa muda wa miezi 12. Kundi moja lilipunguza mafuta, la pili lilipunguza wanga, na wote waliambiwa wale mboga nyingi na waache sukari na unga mweupe. Habari zilitoka mwaka 2018. Waliopunguza mafuta walipungua kilo 5.3, na waliopunguza wanga kilo 6.0. Wenye kupima walisema tofauti hiyo si kitu. Tena angalia: ni kilo 5 au 6 kwa mwaka mzima, si kwa wiki mbili.

Neno la tahadhari nalo halina budi kusemwa. Mwenye ugonjwa wa sukari, hasa anayedungwa sindano ya insulini, asipunguze wanga kabla ya kuonana na daktari, kwa sababu dawa ile ile aliyoizoea yaweza kushusha sukari yake mpaka akaanguka. Mama mjamzito au anayenyonyesha asijaribu kupunguza mwili kwa njia hii, wala watoto wasiingizwe katika mambo haya. Wao ondolewa soda tu, inatosha. Na yule kijana anayepalilia mchele huko Mwea tangu asubuhi hadi jioni, hana kitambi cha kupunguza. Mwacheni ale.

Jirani yangu ameanza tena, safari hii bila kutangaza. Chai anakunywa bila sukari, ingawa asema wiki ya kwanza aliiona kama dawa ya minyoo. Mandazi ameacha. Jioni hula viazi vitamu viwili na mboga pamoja na watoto wake, sufuria moja, na deni la nyama amekwisha lipa. Uzito wake anaupima Jumamosi asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki, katika ile mizani ya kupimia magunia ya mahindi. Karani wa mizani amemwomba avue buti za shambani kwanza, maana zile peke yake, pamoja na matope, zilikuwa karibu kilo 3.