Saida, Wanzuki na Meza ya Mashosti

Mwezi huu tupo Igunga, ule mji unaoufikia ukishashuka Mlima Sekenke na kuipita Shelui kuelekea Nzega. Shosti wangu mmoja anaolewa huko, na kamati ya kicheni pati ikanipa kazi ambayo mwenzenu sikuikataa: kuchagua kinywaji cha meza ya mashosti.

Tukanunua Savanna, Hunter's na Redd's. Mbili za kwanza ni saida, yaani maji ya tufaha yaliyochachushwa, zote za Afrika Kusini. Hunter's ilianza 1988 na Savanna 1996. Redd's wengi tunaiweka kundi hilo hilo, ila ile ni bia yenye ladha ya tufaha. Dada wa saluni alibisha mpaka basi. Ukishika chupa yoyote kati ya hizo, angalia asilimia ya kilevi, maana hizi wanazoziita bia za kike (halafu ukienda msalani ukirudi unakuta yako imepungua) hazipishani sana na bia yenyewe. Utamu ndio unaokudanganya kwamba unakunywa juisi.

Cha nne kilikuja kwenye dumu. Mama mkwe mtarajiwa anapika wanzuki, na wanzuki hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake wanne, bwana harusi akiwemo. Alimpa wifi mtu atuletee lita 5, "wanangu waonje." Bibi harusi akalisukuma dumu chini ya meza kwa mguu.

"Jamani, wageni wangu wengine wanatoka Dar."

Wifi mtu alikuwa amekaa pale pale. Akajifanya anasoma meseji kwenye simu. Mimi nikaenda kutafuta vikombe.

Nilimimina jikoni peke yangu, vikombe vya plastiki vinavyofanana, kila kimoja na namba chini. Barafu nilikataa, kwa sababu baridi kali inaficha ladha. Walinilalamikia, maana joto la Igunga si la mchezo.

Redd's iliisha haraka, lakini hakuna aliyeomba ya pili. Utamu wa pipi unachosha. Hunter's ilipendwa, tamu halafu ina uchachu kidogo. Savanna ni kavu na kali, dada wa benki akasema bila kipande cha limau mdomoni mwa chupa hajaielewa. Mimi ndiyo yangu, limau au bila limau. Wanzuki ilinukia asali ya porini, ile ya miti ya miombo, na moshi kwa mbali, halafu ukali wake unakuja ukishameza.

Bibi harusi aliipa nafasi ya pili, nyuma ya Hunter's.

"Hii namba tatu inauzwa wapi?"

Hakuna aliyejibu. Wifi mtu akaonyesha chini ya meza kwa mdomo.

Sasa nikueleze kidogo, maana na wewe unaweza kuandaa meza kama hii. Wanzuki ni asali, maji na hamira, inawekwa mahali pa joto. Hamira inakula sukari na kutoa kilevi, kama inavyofanya kwenye maji ya tufaha. Siku za mwanzo inakuwa tamu, ikikaa utamu unapungua na ukali unapanda, kwa hiyo ile isiyo tamu ndiyo ya kuiheshimu. Shida ni kwamba dumu halina lebo. Ya wiki hii si ya wiki ijayo, na hakuna wa kukuambia kilevi ni kiasi gani. Tena usilifunge kabisa, gesi italivimbisha. Ukiniuliza mimi, wanzuki iwekwe mezani na chakula, si kabla ya chakula.

Jioni bibi harusi akapiga simu mbele yetu sote. Sauti ilikuwa ndogo.

"Shikamoo mama. Ile uliyotutumia… tunaomba ya kicheni pati. Na mama, tutalipia, isiwe mchango."

Kimya. Tukadhani simu imekatika.

"Marahaba mwanangu. Mtakuwa wangapi?"

"Sitini, mama."

"Basi mniletee asali Jumatatu. Na niambie, mnataka tamu au kali?"

Akatuangalia. Dada wa benki akanyoosha vidole viwili: zote.