Luvungi: resori mpya, freni za zamani

Hiace ao Hilux ya okazyo ikifika Luvungi, mwenyewe anaongeza lame za resori na pneu kubwa. Gari inasimama juu, inapendeza, kisha inapakiwa kupita kipimo. Lakini lame hazibadilishe uzito ambao gari iliundwa kubeba, na freni zinabaki zilezile.

Shida inaonekana kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola. Shofa anakanyaga freni muda mrefu, zinapata moto, zinaacha kushika. Abiria ndio wanalipa.

Kwa hiyo, ndugu mpenzi wa gari, mbele ya kununua lame, uliza fundi: plaketi na mafuta ya freni viko namna gani? Teremka na vitesi ya chini. Urembo unaweza kungoja.