Siku Mbili Hazimtoshi Baba



Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mama aliyeajiriwa majuma 14 ya mapumziko ya uzazi, kwa theluthi mbili za mshahara wake. Baba hupewa siku 2 tu, kana kwamba ni mgeni aliyekuja kumpongeza mzazi.

Wengine husema kulea mtoto mchanga ni kazi ya wanawake. Lakini Yosefu ndiye aliyeamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akakimbilia Misri.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mshahara wa haki hutosha kuitunza jamaa. Basi kwa nini mshahara wa mama upungue wakati ule ule matumizi ya nyumba yanapoongezeka? Tena mama auzaye sokoni na yule alimaye shamba lake hawana mwajiri. Majuma hayo 14 hayawafikii. Wakipumzika leo, kesho watoto wanalala njaa.

Kwa hiyo tudai siku za baba ziongezwe na mshahara wa mama utimie. Lakini tusilingoje bunge. Katika kila shirika vijana wapange zamu ya kumtekea mzazi maji, kumtafutia kuni na kumpelekea chakula. Nanyi wavulana, msiwaachie dada zenu zamu hiyo: ubaba haujifunzwi siku mtoto anapozaliwa.