Miche bilioni, na miti inayokufa Sirisia

Desemba 2022 Serikali ilitangaza azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Tangu hapo viongozi hawachoki kupigwa picha wakiwa na miche mikononi. Sina ugomvi na miche. Ninalouliza ni hili: tunapanda miti gani, na ni ipi tunayoiacha ife?

Ateremkaye kutoka Sirisia kuelekea Mto Malakisi hupita mashamba ya mahindi na ya tumbaku, zao ambalo ukaushaji wake umemeza kuni kwa miaka mingi. Ukingoni, penye bonde linalofurika, vimesalia vipande vya msitu wa kale: mikuyu, mvule wa hapa na pale, vichaka. Mpita njia huviona na kuridhika. Waama, msitu haupimwi kwa wazee wake tu. Chini ya miti ile mikubwa mara nyingi huoni chipukizi. Ng'ombe wamekula, jembe limemaliza. Mkuyu nao huchavushwa na nyigu mdogo mno aliye wake peke yake, na mbegu zake husambazwa na ndege na popo. Kipande kikitengwa mno na vingine, mti utasimama miaka mingi bila mrithi.

Sheria si haba. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito. Lakini mwenye nusu ekari inayoishia majini utamwambia nini? Mkaratusi humpa nguzo za kuuza na karo ya mtoto baada ya miaka michache. Mvule utamfaa mjukuu. Kumlaumu mkulima huyu ni rahisi, na si haki. Kama taifa linautaka ukanda ule, basi limlipe, au angalau limpe miche ya kienyeji badala ya ile ile ya kigeni.

Mimi ni mwanaisimu, si bwana misitu, na hasara nyingine naisikia masikioni. Kibukusu kina ngeli nzima ya miti, kama Kiswahili: kumusaala ni mti, kimisaala ni miti. Wazee wakikaa mtoni hutaja kila mti kwa jina lake. Vijana niwaulizapo hujibu, "Kumusaala," basi.

Hata hivyo, kila Agosti ya mwaka wa shufwa wavulana wa Kibukusu hupelekwa mtoni alfajiri kupakwa tope kabla ya kutahiriwa. Mahali hapo pana wenyewe wanaopajua na kupaheshimu. Maafisa wa Kaunti ya Bungoma wangeanza kwao, kabla ya kuagiza miche mingine, wakapime ule ukanda pamoja nao.