Safari ya Kisiwani na Swala Iliyopunguzwa

 

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Magharibi, alitujia mama mmoja wa mtaani petu, simu mkononi na machozi machoni. "Sheikh," akasema, "nakuomba uitazame picha hii, kisha uniambie kama nina mtoto au sina." Tuliitazama. Kijana wake, ambaye tulimsomesha hapa chuoni tangu Juzuu Amma, amesimama ubavuni mwa feri, kipande cha mkate wa ufuta mkononi, shakwe wakimzunguka, na bahari nyuma yake. Picha yenyewe haikuwa na aibu yoyote. Ila Jumamosi hiyo hiyo, mchana huo huo, alikuwa amemwambia mamake kwa simu kwamba yumo maktabani.

Kijana huyu anasoma mwaka wa pili mjini Istanbul, nchini Uturuki. Babake aliuza kipande cha shamba la minazi ili ipatikane nauli na karo ya mwanzo. Picha ile ilipomfikia kupitia kwa jamaa, alisema neno moja tu: "Karo yangu inaogelea." Tangu hapo, kwa muda wa siku 9, hakupokea simu ya mwanawe. Tunakieleza kisa hiki kwa idhini yao wote, kwa kuwa nyumba nyingi za wasomaji wetu zina mtoto ng'ambo.

Tulimpigia kijana usiku ule ule. Saa zao na zetu ni moja, kwa hivyo hatukumwamsha. Tulimwacha aseme. Alituambia kwamba katika Bahari ya Marmara mna visiwa viitwavyo Adalar, na yeye na wenzake walikwenda Büyükada, kilicho kikubwa kuliko vyote. Zamani, zama za ufalme wa Rumi, wana wa kifalme waliokosana na watawala walihamishiwa huko. Leo watu huenda kupumzika chini ya misonobari. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi. Kulikuwa na magari ya farasi hadi mwaka 2020, yakaondolewa baada ya watu kulalamikia mateso ya wanyama, na badala yake vikaletwa vigari vya umeme. "Maalim," alisema, "nilipopanda ile feri nikanusa chumvi, nilihisi kama navuka kwenda Amu. Nilikuwa sijaiona bahari kwa miezi."

Tulimuuliza habari ya pesa. Nauli, alijibu, hulipwa kwa kadi ile ile ya basi na treni, na mwanafunzi hupunguziwa. Chakula walichukua cha nyumbani. Karo, basi, haikuogelea. Hilo tulimfikishia babake kama tulivyolisikia.

Ama kupumzika kwenyewe, dini yetu haikukukataza. Qur'ani imewahimiza waja watembee katika ardhi na watazame. Na katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya Handhala, mwandishi wa Mtume (S.A.W.), aliyejiona kuwa mnafiki kwa sababu akiwa mbele ya Mtume huiona Pepo na Moto kana kwamba viko machoni pake, na akirudi kwa mkewe, watoto wake na shughuli zake husahau mengi. Mtume hakumkemea. Alimfahamisha kwamba lau wangedumu katika hali ile, Malaika wangewapa mikono majiani. Lakini kuna saa ya hili na saa ya lile. Mwanafunzi aliyeinamia vitabu wiki nzima, akatoka siku moja kwenda kuangalia bahari pamoja na wenzake wema, yumo katika saa yake.

Kisha tukamuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza kwa siku zile 9: "Ulisali wapi?" Akajibu bila wasiwasi: "Tulichelewesha Adhuhuri, Maalim, tukaisali pamoja na Alasiri, rakaa mbili mbili, kwa kuwa tulikuwa safarini."

Hapo tulinyamaza. Hili ndilo kosa, na hakuna aliyeliona, tukiwemo sisi tuliomsomesha. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kupunguza swala sharti awe katika safari ya marhala mbili, nazo hupindukia kilomita 80. Visiwa vya Adalar ni wilaya ya Istanbul yenyewe, na feri kutoka mjini hupata saa moja na nusu hivi. Naye si msafiri pale: anayenuia kukaa mahali siku 4 kamili, zisizohesabiwa ya kuingia na ya kutoka, hukatika hukumu ya usafiri wake, sembuse mwenye kukaa mwaka wa pili! Kupanda chombo na kuvuka maji hakumfanyi mtu kuwa msafiri, kama ambavyo anayevuka kivuko cha Likoni kwenda sokoni hapunguzi swala. Na kisiwani humo upo msikiti wa Hamidiye, uliojengwa zama za Sultan Abdulhamid wa Pili. Tulimwamuru alipe Adhuhuri na Alasiri ile, rakaa nne nne. Alizilipa usiku ule ule.

La pili ni uongo wa maktaba. "Kwa nini ulimficha mamako?" Alikaa kimya, kisha akasema kwamba mwaka wa kwanza aliwahi kuwaambia kuwa ametembezwa bustanini na wenzake, akagombezwa kwa juma zima. Tangu hapo, kila akipigiwa, yuko maktabani. Tulimwambia kwamba hilo halimhalalishii uongo, amuombe mamake radhi, na akafanya hivyo. Lakini na wazazi tuliwaambia: mtoto aliyezoea kuwaficha bustani, siku atakapopatwa na maradhi au na rafiki mbaya, atawaambia pia kuwa yuko maktabani. Nanyi mko mbali, hamna njia ya kujua.

Enyi mama zetu na dada zetu, mara nyingi ninyi ndio mnaoshika simu. Mtoto akisema ametoka kutembea, mwulizeni kwanza amesali wapi, kisha amefuatana na nani, kisha amekula nini. Maswali hayo matatu yatawapa habari nyingi kuliko ugomvi. Nasi walimu tuna deni: kijana anayeondoka afundishwe hukumu za swala ya safari kabla hajapanda ndege, asiachwe akajikisie mwenyewe.

Babake aliipokea simu siku ya kumi. Hakutaja karo wala picha. Aliuliza kama feri ile ilikuwa na maboya ya kutosha, na kijana alipojibu kuwa yalikuwapo, akasema: "Siku nyingine uniambie kabla hujapanda, nikuombee dua."

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio mbali, awarudishe kwetu na elimu yenye manufaa. Wallahu aalam.